Neno la Jumapili linafikaje Jumatatu sokoni? Naomba utaratibu, si mahubiri

MamaBunga (Bukavu, Kadutu)

Bwana asifiwe wapendwa. Naomba wanaofundisha Biblia humu wanijibu kwa vitendo, maana mahubiri tunayapata ya kutosha.

Nyumbani tuko 6, watoto 3 ni wa shule ya msingi. Biblia ziko 2, ya Kiswahili (Union) na ya Kifaransa (Segond). Asubuhi kuna dakika 15, tukijikaza 20, kabla kila mtu hajashika njia yake. Jioni ni tochi ya simu. Kazi ni kuuza bunga ya muhogo na maharagwe, rejareja, kwa kopo.

Shida si kutosoma. Mpango wa Biblia nzima kwa mwaka unaanza Januari kwa nguvu, ukifika Mambo ya Walawi unalala. Na hata siku tuliyosoma vizuri, ukiuliza saa sita mchana "asubuhi tulisoma nini?" watu wanatazamana. Neno limebaki mezani pamoja na vikombe.

Basi tusome kiasi gani? Tufanye nini ili somo la asubuhi likutane na kopo, na deni, na ulimi? Na watoto washike nini? Aksanti.

Mwalimu_Ndosho (Goma)

Mama, tuanze na hesabu. Biblia ya vitabu 66 ina sura 1,189. Gawa kwa siku 365, ni zaidi ya sura 3 kila siku. Sura 3 kwa sauti zinakula dakika zako 15 zote, hapo hujafika kwenye sura ndefu za Hesabu. Ya kufikiri haibaki hata moja, ya kuomba vilevile. Huo mpango haufi kwa uvivu wenu. Mmejaribu kumimina pipa ndani ya kikombe.

Tenganisha kazi mbili. Kuna kusoma kwa kuijua Biblia: hiyo weka Jumapili mchana, sura 4 au 5 kwa mkupuo mmoja, bila kusimama kila mstari. Na kuna kusoma kwa kuiishi: mistari 5 hadi 10, ileile, Jumatatu mpaka Jumamosi. Ndiyo, ileile siku 6. Watu wanaona haya kurudia, wanadhani ni kukwama. Lakini katika Yoshua 1:8, neno la Kiebrania lililowekwa "kutafakari" ni *haga*, kunong'ona, kutoa sauti ya chini kwa chini. Ni lilelile la Zaburi 1:2, na ndilo Isaya 31:4 analotumia kwa simba anayenguruma juu ya windo lake. Hiyo ni kazi ya mdomo kabla ya kuwa kazi ya macho.

Kwa kuanza, chukueni Waefeso 4:25-32. Mistari 8, na ndani yake kuna uongo, hasira, wizi, maneno mabaya, msamaha. Jumatatu someni yote kwa Kiswahili, halafu kwa Kifaransa, polepole. Kazi ya siku hiyo ni kuelewa maneno tu, na msiiruke. Union ni ya mwaka 1952, na baadhi ya maneno yake huku kwetu yana sura nyingine. Mfano unaoumiza ni Wagalatia 5:23, "upole, kiasi". Mtoto wa Goma akisikia "kiasi" anawaza bunga kiasi gani, sukari kiasi gani. Segond inasema *tempérance*: kujizuia, kujitawala. Nyumba nzima inaweza kuimba matunda ya Roho (tena Paulo ameandika tunda, moja) bila kujua kwamba hilo la mwisho linawaulizia chupa yao na simu yao.

Jumanne hadi Ijumaa, someni tena, dakika 2 tu. Kisha kila mtu achague mstari mmoja na aseme tendo moja lenye mtu, mahali na saa. "Leo nitakuwa mpole" haihesabiwi. Inayohesabiwa ni kama hii: "Yule mdeni akipita saa nane bila kusalimia, sitamwita mwizi mbele ya watu, 4:29." Usiku, dakika 3, swali ni moja: lilifanyika? Ndiyo, hapana, au nusu. Hakuna hotuba. Hapana ikirudi siku 3 mfululizo, tendo ni kubwa mno, likateni. Jumamosi mwandike kwenye kaye (daftari) mstari mmoja: andiko, tendo, kilichozuia. Hiyo safu ya tatu ndiyo dhahabu. Baada ya wiki 8 mtaona kizuizi ni kilekile kila mara, na pale ndipo pa kuombea.

Kosa moja linaua haya yote: mzazi kuwachagulia watoto tendo. Hapo Biblia imegeuka fimbo.

Katekista_Bagira (Bukavu)

Mwalimu amesema vizuri. Naongeza upande wa jumuiya, kwa sababu mtu akiwa peke yake anajisamehe haraka sana.

Kwetu Wakatoliki, katika shirika (jumuiya ndogo ya mtaa) tunatumia hatua 7 zilizotoka katika taasisi ya Lumko, Afrika Kusini: kumkaribisha Bwana kwa sala, kusoma Injili, kuchagua neno au fungu lililokugusa na kulitamka, kunyamaza, kushirikishana, kutafuta kazi ya kufanya, kusali. Wengi wanazijua kwa kichwa. Zinavunjika mahali pawili, na ni palepale kila shirika.

Pa kwanza ni hatua ya 4. Kiongozi anasema "tunyamaze", anahesabu sekunde 20, anaogopa ukimya, anaanzisha wimbo. Tumia saa. Dakika 3, ikiwezekana 5. Dakika ya kwanza watu wanakohoa na kufikiria chungu kiko motoni, ya tatu ndipo wanaanza kusikia. Hatua ya 5 inaharibiwa na msomi wa kikundi anayegeuka mhubiri. Kanuni ni kusema kwa "mimi", dakika 2 kwa mtu. Akisema "ninyi wamama mna tabia ya…" msimamishe kwa heshima.

Pa pili, na pabaya zaidi, ni hatua ya 6. Giza linaingia, mvua inatisha, watu wanaruka moja kwa moja kwenda kusali. Hapo mmefanya ibada nzuri isiyo na miguu. Papa Benedikto wa 16, katika *Verbum Domini* ya mwaka 2010, namba 87, anasema usomaji wa namna hii haujakamilika mpaka ufike kwenye tendo. Kwa hiyo mtu mmoja aandike: nani, atafanya nini, siku gani. "Tuwatembelee wagonjwa" haitembelewi na mtu. "Mama fulani na kijana fulani, Alhamisi saa kumi, kwa bibi wa nyumba ya kona, na sabuni" hiyo inatembea. Kikao kinachofuata kifunguliwe na karatasi hiyo, kabla ya wimbo.

Na kwa nyumba: chukueni Injili ya Jumapili ijayo muanze nayo Jumatatu. Masomo ya Jumapili yanazunguka miaka 3, A kwa Mathayo, B kwa Marko, C kwa Luka. Ukimkuta padri Jumapili na andiko umelitafuna siku 6, unasikia mahubiri kwa sikio lingine. Unakuwa pia mgumu kudanganywa, hilo ni jambo jema kwa padri pia.

Yaya_Himbi (Goma)

Nina pingamizi dogo. Mistari 8 kwa wiki ni sawa, ila ikiwa mistari hiyo inaokotwa ovyo, mtajenga maisha juu ya vipande. Tazameni maandishi kwenye vioo vya basi. Wafilipi 4:13, "Nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu", imebandikwa kama dawa ya mtihani na ya biashara. Rudi mstari mmoja tu nyuma: Paulo anasema amejifunza kushiba na kuona njaa, kuwa na vingi na kupungukiwa. "Mambo yote" hayo ni pamoja na kulala bila kula na bado usiibe. Yeremia 29:11 nayo, "mawazo ya amani wala si ya mabaya", watu wanaidai itimie kabla ya mwisho wa mwezi. Mstari wa 10 unasema miaka 70. Na mistari ya 5 hadi 7 inawaambia wale mateka wajenge nyumba, wapande bustani, wautakie amani mji waliohamishiwa. Ukiisoma yote, tendo la wiki linakuwa kusafisha mtaro wa avenyu yenu. Si kungoja muujiza.

Sheria yangu ni nyepesi: kabla ya kuchagua mstari soma aya nzima, na ujibu maswali 3. Nani anasema? Anamwambia nani? Sentensi iliyotangulia inasemaje? Dakika 2 zinatosha.

Halafu Mama, usiiogope Walawi. Mpango wako unafia pale kwa sababu sura za kwanza ni za dhabihu na mtu anaingia bila mwongozo. Ruka mpaka sura ya 19, ina mistari 37. Utakuta mavuno ya pembeni yaachiwe maskini, ujira wa kibarua usilale kwako hadi asubuhi (19:13), usipite ukichongea watu (19:16), umpende jirani yako kama nafsi yako (19:18), na vipimo vya haki (19:35-36). Andiko lenye kopo lako ndani liko katika kitabu kilekile unachokifunga kila mwaka.

Papa_Katuba (Lubumbashi)

Yaya amenifungulia mlango. Mimi nitakaa kwenye pesa, maana hapo ndipo Neno linapofika au linapogeuzwa njiani.

Kopo kwanza (huku tunasema meka). Kumbukumbu la Torati 25:13 inakataza kuwa na mawe mawili ya kupimia ndani ya mfuko, kubwa na dogo. Wafanyabiashara wa zamani walipima kwa mawe: la kununulia zito, la kuuzia jepesi. Jiwe la leo ni kopo lililogongwa tako mpaka likaingia ndani, au lililowekewa kadibodi chini. Ujanja mwingine hauligusi kabisa kopo: bunga inamiminwa kutoka juu, laini, imejaa hewa, kisha inakwanguliwa upesi kabla haijashuka. Macho yanaona imejaa.

Kupima ni rahisi. Jaza maji kopo unalonunulia, mimina kwenye chupa ya lita 1.5, weka alama ya kalamu. Fanya vivyo hivyo na kopo unalouzia. Alama zisipokutana, una mawe mawili mfukoni. Rudia kila mwezi, kwa sababu kopo linaanguka na kubonyea lenyewe, na kopo lililobonyea kwa ajali linaibia watu sawasawa na lililogongwa kwa makusudi.

Maharagwe: Amosi 8:5-6 anawataja wanaopunguza efa (kipimo cha nafaka), wanaongeza shekeli (uzito wa kupimia fedha), na kuuza takataka za ngano. Mawe na maharagwe yaliyotobolewa na wadudu ndiyo takataka hizo. Chambua kabla ya kuuza, au weka fungu lake lenye bei yake, na useme.

Ulimi wa bei: uongo mkubwa wa soko ni "mimi mwenyewe nimenunua kwa hiyo". Mathayo 5:37 inataka ndiyo iwe ndiyo. Huna lazima ya kutaja bei uliyonunulia. Sema "bei yangu ni hii, naweza kushuka mpaka hapa", basi. Na anayenunua asijione malaika, Mithali 20:14 inamjua yule anayesema "haifai kitu" akifika nyumbani ajisifu.

Ujira: Kumbukumbu la Torati 24:15 inasema kibarua alipwe siku ileile kabla jua halijatua, kwa sababu ni maskini na moyo wake unautegemea. Kinachoharibu hapa mara nyingi ni vichenji kuliko roho mbaya. Saa kumi na moja una noti kubwa tu, unamwambia mbebaji "njoo kesho". Kesho yake ni watoto kulala bila bugali. Saa sita mchana tenga noti ndogo za mbebaji kwenye mfuko wake peke yake, usiziguse hata chenji ikikosekana.

Deni na riba: Zaburi ya 15 ina mistari 5 tu, ichukueni wiki nzima. Mstari wa 4 ni mtu aliyeapa kwa hasara yake asibadili. Aliyepokea zamu ya kwanza ya likelemba (mchango wa kupokezana) kisha akapotea hewani ausome huo. Mstari wa 5 ni fedha isiyotolewa kwa riba. Watu wananiuliza, je, riba zote? Kutoka 22:25-27 inazungumzia kumkopesha maskini, na inataja nguo ya rehani irudishwe kabla ya jua kuchwa maana ndiyo blanketi yake. Kukopesha mwenye duka aongeze mzigo ni jambo la kujadiliwa, Wakristo wenye akili hawakubaliani. Lakini "banki lambert", kumpa mjane 100 ya hospitali arudishe 150 mwisho wa mwezi na umeshika simu yake rehani, hiyo haina mjadala hata kidogo. Andiko linaielezea karibu neno kwa neno.

MamaBunga

Aksanti sana ninyi wote, nimenakili. Yamebaki 2. Watoto washike mistari namna gani bila kuimba kama kasuku? Na Papa, hapa jirani zangu 4 wote makopo yamegongwa. Nikiuza kopo zima kwa bei yao nafunga biashara ndani ya mwezi.

Katekista_Bagira

Watoto: mstari mmoja kwa wiki, mfupi. Mithali 15:1, "Jawabu la upole hugeuza hasira; bali neno liumizalo huchochea ghadhabu." Maneno 10. Andika kwenye kipande cha karatoni herufi za kwanza tu: J L U H H / B N L H G. Mtoto anasoma kwa herufi, kichwa kinalazimika kutafuta neno lenyewe, kasuku hawezi. Siku ya 1 na ya 2 asome nzima, kuanzia ya 3 herufi tu, ya 6 bila karatoni. Aseme "Mithali 15:1" mwanzoni na mwishoni, la sivyo atajua maneno asijue yanakaa wapi. Ya wiki zilizopita rudieni siku 1 kwa mwezi. Na muulizeni swali ambalo kasuku halijui: leo shuleni ni nani alikujibu vibaya, na wewe ungemjibu nini? Aigize.

Papa_Katuba

Mama, usiuze kopo zima kwa bei ya kopo lililogongwa, hakuna andiko linalokuamuru ufilisike. Fanya hesabu kwa kilichomo. Tuseme kopo lako zima linaingia vijiko vikubwa 16, la jirani linaingia 14, na yeye anauza 1,400. Yeye kila kijiko ni franga 100. Basi lako ni 1,600, na mko sawa kabisa kwa bei. Shida ni kwamba mnunuzi anasikia 1,600 na kukimbia kabla ya hesabu.

Kwa hiyo weka mezani makopo mawili, lako na moja la aina ile ya soko. Anayeshangaa bei, jaza lile dogo mbele yake, mimina ndani ya lako, aone nafasi inayobaki. Sekunde 30, mazungumzo yamekwisha. Weka na kipimo cha nusu kwa 800, kwa mwenye pesa ndogo, usimpoteze. Usiseme "wale ni wezi". Hiyo 4:29 ya Mwalimu iko kazini hapohapo, na majirani hao ndio watakaokulindia meza ukienda chooni.

Siku 10 za kwanza utauza kidogo, panga mtaji wako ukijua hivyo, usinunue magunia mengi wiki hiyo.

Na bunga ya muhogo, Luka 6:38 imeandika namna ya kuipima: kipimo cha kujaa, kushindiliwa, kusukwasukwa hata kumwagika. Jaza, gonga kopo mezani mara 3, itashuka kama kidole kimoja, jaza tena, ndipo ukwangue. Hesabu ile ya vijiko 16 ifanye baada ya kugonga, si kabla, bei yako isije ikakosea.

MamaBunga

Baada ya kugonga vimeingia 18.

Papa_Katuba

Basi bei ni 1,800, na nusu ni 900. Ila lile kopo la jirani nalo uligonge mara 3 kabla ya kulimimina, usimpunje hata yeye.